Kibaba, Gunia na Daftari

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, juu ya matumizi ya nyumbani wakati wa ughali



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya ughali wa vitu vya kila siku, na hasa chakula. Nimeitika kwa moyo, walakini kwa sharti moja, nalo ni kwamba nisionekane nawahubiria watu wa kazi kwamba wale kidogo. Mwenye kula kidogo hafanyi kazi kubwa, na mtoto mwenye njaa hashiki somo. Shabaha ya maneno yangu ni ile fedha ipoteayo njiani, baina ya mshahara na chungu. Fedha hiyo ni nyingi kuliko tudhanivyo, na kwa kuwa sisi ni watu wa kalamu na hesabu, yafaa tuitafute kwa kalamu na hesabu.

UGHALI NI NINI

Watu husema, "Vitu vimepanda." Maneno haya ni ya kweli, lakini hayajatimia. Kitu kimoja kikipanda, huenda mvua ilikosa au njia iliharibika. Vitu vyote vikipanda pamoja, mwaka baada ya mwaka, maana yake ni kwamba shilingi yenyewe imeshuka. Na hili ndilo liitwalo siku hizi mfumuko wa bei. Tuchukue mfano. Karani apokea shilingi 600,000 kwa mwezi, na bei zapanda kwa asilimia 10 kila mwaka. Baada ya miaka saba atahitaji karibu shilingi 1,170,000 ili ajaze kikapu kile kile alichokijaza leo. Ikiwa mshahara wake haukuongezwa, basi amepunguziwa karibu nusu yake, wala hakuna barua iliyoandikwa, wala hakuna mtu aliyetia sahihi.

Katika jambo hili mwenye mshahara ana shida yake peke yake. Mwenye duka hubadili bei asubuhi kabla ya kufungua mlango. Mwenye gari hupandisha nauli. Fundi husema, "Siku hizi ni hivi." Lakini mwenye mshahara hungoja waraka, na waraka huchelewa.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, tangu 1939 hata 1945, nguo na vyombo na vyakula viliadimika katika Afrika Mashariki, bei zikapanda, na mishahara ikaachwa nyuma. Vita vilipokwisha ughali haukwisha. Mwezi Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na Septemba mwaka ule ule wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam wakagoma nao, na mgomo wao ukaifuata reli mpaka bara. Wazee walioishi Tanzania katika miaka ya 1980 hawana haja ya kuambiwa: kwa miaka mingi ya muongo ule bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 25 kwa mwaka, watu wakajipanga mstari kwa ajili ya sabuni na sukari, wakala unga wa manjano ulioitwa yanga.

Tena, mwaka 2022, baada ya Urusi kuishambulia Ukraine mwezi Februari, bei za ngano, petroli na mafuta ya kupikia zilipanda dunia nzima. Tangu tarehe 28 Aprili hata 23 Mei mwaka ule, nchi ya Indonesia, ambayo hutoa mafuta ya mawese kuliko nchi nyingine yoyote, ilizuia kuyauza nje. Na mama mkaanga maandazi wa Tandika, ambaye hajapata kuiona Indonesia hata katika ramani, akapunguza ukubwa wa andazi. Huko Kenya ughali ulifikia asilimia 9.6 kwa mwaka mwezi Oktoba 2022. Miezi mitatu kabla ya hapo, mwezi Julai, serikali yao iliteremsha pakiti ya unga ya kilo 2 kutoka shilingi 205 kuwa shilingi 100, walakini nafuu ile ilikuwa ya wiki chache tu.

Nayataja haya ili tuone kwamba chanzo cha ughali aghalabu ki mbali, wala karani hawezi kukizuia. Kudai mshahara utoshao ni kazi halali ya chama, na nawaomba maneno yangu ya leo yasichukuliwe na mtu yeyote kuwa hoja ya kuizuia kazi hiyo. Mkono mmoja udai, na mkono wa pili uzibe matundu ya mfuko. Matundu niyaonayo ni matatu: kipimo kidogo, deni, na kununua nje ya majira.

TUNDU LA KWANZA: KIPIMO KIDOGO

Maskini hununua ghali kuliko tajiri. Neno hili lasikika kama mzaha, lakini tulitie katika hesabu. Bei nitakazozitaja hapa ni za mfano tu, kila mtu aweke za soko lake.

Tuseme dumu la mafuta ya kupikia la lita 5 lauzwa shilingi 30,000. Hiyo ni shilingi 6,000 kwa lita. Sasa mtu asiye na shilingi 30,000 hununua mafuta ya kupima, kipimo cha mililita 50 kwa shilingi 500. Katika lita moja mna vipimo 20, kwa hiyo yeye hulipa shilingi 10,000 kwa lita ile ile. Nyumba itumiayo lita 4 kwa mwezi, ikinunua kwa kipimo, hupoteza shilingi 16,000 kila mwezi, yaani shilingi 192,000 kwa mwaka. Na hayo ni mafuta peke yake. Fanyeni hesabu hiyo kwa sukari ya fungu, mkaa wa kopo, majani ya chai ya kijipakiti, sabuni ya kipande, na mchele wa robo. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo.

Simlaumu mwenye duka. Yeye hufungua dumu, hupima mara mia, humwaga kidogo, hukaa mpaka usiku; ile tofauti ni ujira wake. Nasema tu kwamba ujira huo twaulipa sisi, na ya kwamba aulipaye zaidi ni yule mwenye kidogo zaidi.

Kuna na kipimo chenyewe. Masoko yetu yamezoea sado na debe na kopo kuliko mizani. Debe halikuwa kipimo cha nafaka asili yake. Ni bati la mafuta ya taa la galoni nne, yapata lita 18, nasi tukalifanya kipimo. Lakini bati hubonyea na hutanuka. Mchuuzi asiye mwaminifu ana debe lililotanuliwa la kununulia kwa mkulima, na sado iliyobonyezwa kitako ya kukuuzia wewe. Mkulima naye huonewa kwa lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu, hata likapita kipimo cha haki. Hivyo mtu mmoja katikati hula pande mbili, na sisi tulio mwishoni hulaumu mkulima.

Dawa yake ni mizani. Nunua kwa kilo kila iwezekanapo. Kabla kitu hakijawekwa, tazama mshale kama umesimama kwenye sifuri. Chombo kizito kipimwe kwanza kikiwa kitupu. Mizani ya biashara sharti ikaguliwe, na kwa Tanzania kazi hiyo ni ya Wakala wa Vipimo. Mnunuzi anayo haki kuuliza kama mizani iliyo mbele yake imekaguliwa. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Mwenye mizani safi hafadhaiki akiulizwa.

TUNDU LA PILI: DENI

Wengi wetu tuna kitabu dukani. Tarehe 10 ya mwezi fedha imekwisha, mtoto atumwa na kidaftari, aandikiwa mchele, aandikiwa mafuta, na mwisho wa mwezi twalipa. Twaona kwamba tumesaidiwa, na kweli tumesaidiwa, lakini msaada huo una bei. Mwenye deni hachagui. Hawezi kuurudisha mchele wenye mawe, wala kwenda duka la pili ambako bei ni nafuu, wala kuuliza mizani. Aghalabu bei ya kitabuni si ile ya mwenye fedha mkononi, na mtoto aliyetumwa hajui kusoma hesabu iliyoandikwa. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Siku hizi kuna na deni la simu. Mtu hukopa akiwa kitandani, pasipo mdhamini na pasipo kuonwa na jirani. Tuseme umekopa shilingi 50,000, na baada ya siku 30 warudisha 55,000. Shilingi 5,000 zaonekana ndogo. Lakini hiyo ni asilimia 10 kwa mwezi mmoja, na ukifanya hivyo kila mwezi, mwisho wa mwaka umelipa shilingi 60,000 kwa ajili ya kuishika ile 50,000, na 50,000 yenyewe bado si yako. Kuna na wakopeshaji wa mitaani ambao mikopo yao watu wenyewe wameiita kausha damu, na jina hilo halihitaji tafsiri.

Na hapa, Bwana Mwenyekiti, naomba niseme neno lihusulo kazi yetu hasa. Karani akiwa mezani pake amewekwa hapo aangalie haki kwa kila mtu. Sasa yule anayemdai, mwenye duka au mkopeshaji, aja ofisini na karatasi yake, ataka leseni, au kibali, au faili lake litangulie. Je, karani huyo yu huru? Hajachukua rushwa, hajaomba kitu, lakini ulimi wake umefungwa na kilo mbili za sukari alizoandikiwa juzi. Watu wengi walioanguka katika utumishi hawakuanza na tamaa ya mali. Walianza na kitabu cha dukani. Kwa hiyo habari ya matumizi ya jikoni si habari ya jikoni tu. Ni habari ya heshima ya kazi.

TUNDU LA TATU: MAJIRA

Kila chakula kina wakati wake wa kuwa rahisi. Katika nyanda za juu za kusini, ambako kuna mvua za msimu mmoja, mahindi huvunwa kwa wingi tangu Juni hata Agosti, na wakati huo bei hushuka. Tangu Januari hata Machi, wakati maghala ni matupu na mahindi mapya bado yako shambani, bei hupanda. Mpunga nao huvunwa sehemu nyingi baina ya Mei na Julai. Vitunguu na nyanya hubadilika bei hata kwa wiki. Dagaa wana kalenda yao wenyewe, nayo ni mwezi wa mbinguni: wavuvi huwavua kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu uvuvi hupungua na bei hupanda. Mwenye kujua haya hununua dagaa wakavu giza likiwa limetanda, akawaweka mpaka mbalamwezi ipite.

Sisi wenye mshahara twanunua kwa kalenda ya mshahara, wala si kwa kalenda ya shamba. Twanunua kilo tano mwezi Julai na kilo tano mwezi Februari, kana kwamba bei ni moja. Najua jibu lenu: fedha ya kununua gunia mwezi Julai itatoka wapi? Swali hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba mtu mmoja peke yake mara nyingi hawezi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

KUNUNUA KWA PAMOJA

Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, wengi wao wafumaji wa nguo na mafundi, walichoshwa na unga uliochanganywa na uchafu, vipimo vya hila na madeni ya dukani. Mishahara yao ilikuwa midogo mno. Wakachanga kidogo kidogo hata kila mmoja akatimiza paundi moja, wakakodi chumba katika njia iitwayo Toad Lane, wakafungua duka tarehe 21 Desemba wakiwa na unga, siagi, sukari, oti na mishumaa. Majirani wakawacheka. Sheria zao zilikuwa rahisi: fedha taslimu, hakuna kukopa, kipimo kamili, kitu safi, kila mwanachama kura moja, na faida igawanywe kwa kadiri ya manunuzi ya kila mtu. Kutoka katika chumba kile ulienea ushirika wa wanunuzi katika nchi nyingi.

Hata kwetu ushirika si neno geni. Tanganyika ilipata sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha muungano wao, KNCU. Lakini ushirika ule ulikuwa wa kuuza. Ushirika wa kununua haukupata mizizi kama ule, na ulipoletwa kwa amri, kama katika Operesheni Maduka ya mwaka 1976, haukudumu, kwani duka la pamoja hustawi pale tu wenyewe wanapolitaka na kulikagua.

Mimi sipendekezi duka. Duka lataka mtu wa kukaa ndani, na kodi, na leseni. Napendekeza kitu kidogo zaidi ambacho tayari twakijua, yaani upatu, ila upatu wa chakula. Tuchukue wanachama 12. Kila mmoja atoa shilingi 40,000 kwa mwezi, tangu Januari hata Juni. Mwisho wa Juni kila mtu ameweka shilingi 240,000, na wote pamoja shilingi 2,880,000. Mwezi Julai watu wawili waaminifu watumwa kwenye soko la jumla. Kwa bei za mfano, kila nyumba yapata hivi:

Mahindi kilo 100 kwa shilingi 600: shilingi 60,000.
Mchele kilo 50 kwa shilingi 1,900: shilingi 95,000.
Maharage kilo 25 kwa shilingi 2,400: shilingi 60,000.
Gari, wachukuzi na mifuko: shilingi 25,000.
Jumla: shilingi 240,000.

Nyumba ile ile ikinunua vitu hivyo mwezi Februari kwa rejareja, tuseme mahindi kwa shilingi 1,000, mchele 2,800 na maharage 3,400, italipa shilingi 325,000. Tofauti ni shilingi 85,000. Kwa nyumba ya watu watano ipikayo kilo 2 za nafaka kwa siku, mahindi na mchele huo ni chakula cha siku 75. Sitaki kuficha hatari yake. Upo mwaka ambao bei haipandi sana baada ya mavuno, na faida huwa ndogo. Lakini hata mwaka huo umenunua kwa kilo, kwa fedha yako, pasipo kitabu cha mtu.

KUWEKA

Gunia lililoharibika ni ghali kuliko kibaba cha dukani. Kwanza, nafaka sharti iwe kavu. Iko njia rahisi ya kupima. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi cha robo yake na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, kisha uiache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado mabichi. Yaanike tena juu ya turubai, wala si juu ya udongo mtupu.

Jambo hili si la kuchezea, maana nafaka yenye unyevu huota kuvu, na kuvu nyingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2004 katika sehemu za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi ya namna hiyo, na mwaka 2016 maafa kama hayo yaliwapata watu wa Dodoma na Manyara. Sumu hii haiishi kwa kupikwa. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, wala zisipewe kuku.

Pili, wadudu. Dumuzi, mdudu aliyetoka nchi za Amerika na kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, aweza kuligeuza gunia kuwa vumbi kwa miezi michache. Siku hizi iko mifuko yenye tabaka tatu, mbili za plastiki kwa ndani na moja ya kufumwa kwa nje. Kila tabaka hufungwa peke yake kwa nguvu, hewa hupungua ndani, na wadudu hufa pasipo dawa. Bei yake ni zaidi ya gunia la kawaida, lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja ikiwa haikutoboka. Gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Tatu, adui mkubwa kuliko dumuzi ni ukarimu wa ghafula. Mtu akiwa na kilo moja ya mchele hupima. Akiwa na gunia humwaga kwa mkono. Kwa hiyo kibaba kiwe ndani ya gunia siku zote, na kilichopimwa ndicho kipikwe. Mgeni atakaribishwa, kama ilivyo desturi yetu, lakini naye apimiwe.

JIKONI

Katika jambo hili akina mama wananishinda, na nitasema kwa ufupi. Maharage yakilowekwa tangu usiku hupikika upesi, na mkaa huokoka. Chungu kifunikwe. Dona hutoka katika punje karibu nzima, kwa hiyo kilo ya mahindi hutoa unga mwingi kuliko ikikobolewa, na chakula chenyewe ni bora; ila dona haikai sana, kwa sababu ya mafuta ya kiini, basi isagwe ya wiki mbili tu kwa mara moja. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka katika dumu. Dagaa na maharage hujenga mwili kama nyama, na nyama haina haja ya kuwa ya kila siku ili nyumba iitwe nyumba ya mtu wa heshima. Mchicha na matembele huota hata ndani ya gunia la udongo nyuma ya nyumba. Kisamvu ni mboga bora, ila kitwangwe na kuchemshwa sana, maana kikiwa kibichi kina sumu.

Nawasihi pia tutazame chai ya asubuhi. Mkate na sukari hula fedha nyingi kuliko chakula cha mchana, na havishibishi mpaka saa sita. Viazi, muhogo, magimbi, au kiporo cha maharage kilichochemshwa vizuri, vilikuwa kifungua kinywa cha wazee wetu, nao walilima mpaka jua la utosi.

DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni yetu sisi makarani kuliko watu wengine wote, walakini ni ajabu kwamba mtu aandikaye senti za serikali mpaka ya mwisho hajui alitumia kiasi gani kwa mkaa mwezi uliopita. Nunua daftari ya kurasa 40. Ukurasa wa kushoto andika kilichoingia, wa kulia kilichotoka, kila siku kabla ya kulala. Usibadili kitu mwezi wa kwanza, andika tu. Mwisho wa mwezi jumlisha kila namna ya matumizi peke yake. Daftari haina haya wala upendeleo; itakuonyesha nauli za bure, soda, vocha za simu, michango ya sherehe.

Na daftari hii sharti iwe wazi kwa wote wawili, mume na mke. Katika nyumba nyingi mume huficha mshahara na mke huficha deni. Bwana hutoa "hela ya kula" asubuhi, shilingi kadhaa kwa siku moja, kisha hushangaa kwamba mkewe hununua kwa fungu. Atanunuaje gunia kwa fedha ya siku moja? Yeye mwenyewe ndiye aliyemtia katika kipimo kidogo. Apewe fedha ya mwezi, wapange pamoja, na mtaona kwamba mwenye kushika mwiko ana hesabu kali kuliko mhasibu wa wilaya.

MAPENDEKEZO

Bwana Mwenyekiti, hotuba isiyozaa tendo ni upepo. Naweka mbele ya mkutano mambo manne, yajadiliwe na kupigiwa kura.

1. Kila mwanachama atakaye ashike daftari ya nyumba kwa muda wa miezi mitatu, na mkutano utakapofika aseme, pasipo kutaja mshahara wake, ni tundu gani alilolikuta kubwa.

2. Liundwe kundi la ununuzi la watu wasiopungua 10 wala wasiozidi 15, watu wanaojuana. Kundi kubwa huanza kwa kelele na kumalizika kwa kesi.

3. Kundi liwe na mweka hazina, mnunuzi na mkaguzi, watu watatu mbalimbali. Fedha ikae benki kwa sahihi mbili. Risiti ibandikwe ubaoni siku ile ile chakula kifikapo, na mizani iwe pale pale wakati wa kugawana.

4. Kundi lisikopeshe mtu, hata Mwenyekiti. Mwanachama aliyepatwa na msiba asaidiwe na mfuko wa msaada, usio mfuko wa chakula. Siku tutakapochanganya mifuko hii miwili, yote miwili itakufa.

Ughali utakuja na kupita, kisha utakuja tena, kama ulivyokuja 1947 na miaka ya 1980 na 2022. Hatukuulizwa ulipokuja, wala hatutaulizwa utakaporudi. Lakini ukirudi ukute nyumba ya karani ina nafaka kavu juu ya mbao, daftari mezani, na jina lake halimo katika kitabu cha mtu. Hapo ataingia ofisini asubuhi na kumtazama kila mtu usoni.